Boksi Alilokuletea Rajabu

Kwako Baba Yusufu,

Boksi alilokuletea mdogo wako usilifungue kwanza. Soma hii mpaka mwisho, ndiyo ulifungue.

Sie wazima. Mie kifua kinanisumbua kwa moshi wa vitumbua, Yusufu anaendelea na shule. Utaona barua haina bahasha. Nimemwambia Rajabu asome akitaka, na mkeo asome, na mgeni yeyote atakayekukuta hapo Mbezi Beach asome. Sababu na wewe ujumbe wako hukuufunika. Ulimtuma Rajabu akausema uani, wapangaji wote wako kwenye majiko yao, na Yusufu yuko pale pale anafua shati la shule.

Maneno yenyewe nayaandika kama yalivyosemwa, nisije nikaambiwa nimesingizia. Rajabu alisema, "Shemeji, kaka anasema ile gari ya rimoti aliyokuja nayo kutoka Dubai umpe. Kuna mtoto nyumbani anaililia. Yusufu si keshakuwa mkubwa."

Nikamuuliza, "Kuna mtoto gani?"

Akawa anakwangua chini kwa kiatu. "Mie nimetumwa tu shemeji."

Mama Zuhura wa chumba cha pili, unamjua mdomo wake, hakugeuka hata kwenye sufuria. "Wanaotumwa huwaga wanakaa, wanapewa chai. Huyu kasimama kama mdai kodi." Watu wakacheka. Yusufu hakucheka. Alikuwa ameshika lile shati na mapovu, ananiangalia mie usoni aone kama nilikuwa najua. Baba Yusufu, nilikuwa najua una mke. Ulituaga unakwenda kusimamia ujenzi wa nyumba huko Mbezi Beach, ukaishia humo humo ndani na mke mwingine, hilo nililimeza zamani. La mtoto sikulijua. Mwanangu kajulishwa uani, mbele za watu, kuwa ana mdogo wake, na siku hiyo hiyo anatakiwa atoe gari.

Sasa nikuulize. Gari ipi unayoitaka?

Maana mie ninayoikumbuka ni ile uliyorudi nayo safari yako ya kwanza, biashara zilipofunguliwa na kila mtu akawa anatafuta pasi ya kusafiria. Uliacha ufundi wa gereji kule Gerezani, ukaenda, ukarudi na mabegi yale makubwa ya mistari. Kabla hujala, kabla hujaoga, ulilala kifudifudi kwenye mkeka na suruali yako mpya, wewe na Yusufu, mkaitoa gari kwenye boksi. Pikapu ndogo nyekundu. Ukampa rimoti, ukamwambia, "Usikanyage mafuta ghafla. Gari inabembelezwa." Ikatembea ukumbini kutoka mlango wetu mpaka mlango wa Mama Zuhura, na watu wazima wanaruka miguu juu kama wameona nyoka. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mie nilisimama na sahani yako ya wali inapoa na sikujali. Siku ile nilikupenda, sitasema uongo kwa kuwa leo nina hasira.

Gari ile ilikuwa ya sakafuni. Huku Tandika nje ni mchanga, na wewe unajua. Ikitolewa tu, magurudumu yale ya plastiki laini yanazunguka pale pale, yanachimba. Yusufu akaona labda haina nguvu, akaongeza betri, akaziunga kwa waya zaidi ya inavyotakiwa. Ikaruka kama imepigwa teke, halafu ikatoa moshi. Mota imeungua, na kile kibao cha ndani chenye nyaya kimeungua. Alikuja jikoni ameibeba mikono miwili. "Mama, gari ya baba imekufa."

Nilikuletea habari. Nilimtuma Rajabu huyu huyu, nikamwambia mwambie kaka yako mtoto anaomba aje amtengenezee, yeye ni fundi. Jibu lako lilirudi: "Mwambieni aitupe, nitamletea nyingine." Hukuleta nyingine. Na wala hakuwa anataka nyingine. Alitaka uje ulale tena kwenye mkeka.

Basi ilipokuwa imeungua ilikuwa ya kutupwa.

Kwenda Kariakoo tulikwenda mie na yeye. Pale wanapouza vikorokoro vya Dubai kwenye meza, kuna kijana alikuwa na spea za gari za watoto, ziko kwenye vipakiti vya nailoni. Mie sijui kusoma Kizungu, Yusufu anasoma kidogo, tulikuwa tunapima kwa macho na kwa uzi. Tukaanza na matairi ya mpira yenye meno. Yakawa makubwa, yanagusa bodi, hayazunguki. Yusufu akaivua ile bodi nyekundu, akakata nyingine kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Mota mpya ikapatikana, ikawa na nguvu kuliko gia, gia za plastiki zikang'oka meno jioni ile ile. Turudi tena Kariakoo, tutafute za shaba. Halafu na shokapu, vispringi vidogo kama vya kalamu. Rimoti na kibao chake tulivitoa kwenye gari nyingine mbovu, fundi redio wa hapa Tandika akaviunga, mie namshikia tochi naomba Mungu isije ikatoa moshi tena. Mwisho chesisi, ile fremu ya chini, nayo ikapasuka kwa uzito, Yusufu akakunja ya bati nene.

Hayo yote yalikula Jumamosi zetu za karibu mwaka mzima. Mtoto alikuwa halali vizuri, nami nilikuwa naogopa, mara nyaya zitamchoma, mara atafeli shule. Nikimkataza anasema, "Mama, bado kidogo tu." Wewe ulikuwaga unasema hivyo hivyo ukiwa chini ya gari ya mtu na chakula kinapoa.

Siku ilipopanda kile kichuguu cha mchanga nyuma ya kisima, ikapanda mpaka juu, ikageuka, ikashuka bila kupinduka, watu wazima walipiga makofi. Rajabu alikuwepo. Ndiye aliyekupelekea sifa, na sifa ndizo zilizokufanya ukumbuke kuwa una gari Tandika. Kuwa una mtoto Tandika hazikukukumbusha.

"Niliinunua mimi." Na hilo ulimtuma Rajabu aje aseme, nilipokataa kuitoa. Sawa. Twende hivyo hivyo kwa haki, kama ulivyonifundisha mwenyewe.

Unakumbuka ulivyokuwa gereji, mteja akiondoka bila kudai spea yake ya zamani ulikuwa unamcheka. Ukaniambia, "Mke wangu, fundi akikubadilishia kitu, usitoke bila kile kibovu mkononi. Ni chako. Na bila hicho utajuaje kama amebadilisha?" Nilishika. Kila kitu kilichotoka kwenye gari ile, nilikuwa naomba, fundi redio ananicheka, nakifunga kwenye gazeti na kukiweka chini ya kitanda. Mota iliyoungua. Kibao. Magurudumu. Gia zisizo na meno. Bodi nyekundu, chesisi iliyopasuka, rimoti isiyozungumza na kitu. Yaani gari yako yote uliyoinunua iko kamili, hakuna hata skrubu yako iliyobaki kwa mwanangu. Inayopanda kichuguu ni ya Yusufu.

Nikavipanga kwenye boksi. Nikasema Rajabu akija Jumapili atachukua, nawe ukafungue mbele ya huyo mtoto wako na mama yake uone raha yake.

Jumapili asubuhi nikaangalia boksi, tupu. Nikamkuta Yusufu nyuma ya nyumba, vitu vimetandazwa kwenye gunia.

Nikamwambia, "Unafanya nini na vitu vya baba yako?"

"Mama, ukimpelekea hivi, mtoto atafungua atakuta takataka."

"Ndiyo nilivyotaka."

Akaendelea kukaza skrubu. "Kwani yeye kakufanya nini?"

Nilikaa juu ya kinu nikamwangalia. Chesisi ameifunga kwa vipande vya bati pande mbili. Magurudumu ameyavika mpira wa tyubu ya baiskeli. Mota ametoa kwenye ile redio kaseti yetu iliyokufa. Rimoti hakuweza, kibao hakiponi, kwa hiyo ameunga waya mrefu wenye swichi mwishoni. Mtoto ataishika, atatembea nyuma yake. Akaipangusa bodi nyekundu kwa kanga yangu mpaka ikang'aa.

Rajabu alipofika, nikamwambia asubiri nimalizie barua. Yusufu akamwamkia, akampa boksi mwenyewe. Akamuuliza, "Baba mdogo, anaitwa nani?"

Rajabu, mtu mzima na ndevu zake, akaangalia pembeni. "Utamuuliza baba yako."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, Baba Yusufu, tena imezidi ya mwanzo. Si gari. Umemnyima mwanangu jina la mdogo wake. Na nina hakika, maana nilimuuliza Rajabu naye akainama, kuwa huyo mdogo hajawahi kusikia kama ana kaka. Mkeo je, anajua? Basi kama alikuwa hajui, ameshasoma mpaka hapa.

Sikuombi urudi. Kitanda nimeshazoea kulalia katikati. Nguo wala ada siandiki hapa, nitayasema kwa mdomo mbele ya wazee wako. Ninachotaka ni kitu kimoja na hakikugharimu safari.

Sasa fungua boksi. Itoe gari, mpe mtoto swichi, muonyeshe pa kubonyeza. Itakwenda, nimeijaribu mie mwenyewe ukumbini. Akikuuliza imetoka wapi, usimwambie Dubai. Akikuuliza katengeneza nani, usimwambie fundi. Mwambie katengeneza kaka yako, anaitwa Yusufu, yuko Tandika. Halafu jina lake huyo mtoto liandike hapa hapa chini ya barua yangu, umpe Rajabu alirudishe. Yusufu hajaenda kucheza leo. Amekaa barazani anasubiri hilo jina.

Kwaheri.

Mie,
Mama yake Yusufu