Mvua ya Saa Tatu Asubuhi

8 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Hujambo wewe na watoto, na lile goti? Mimi mzima, ila macho yamechoka.

Uliniuliza kazi yangu hii mpya ni ya nini hasa. Ni kuweka mahali pamoja vipimo vya watu wasiosalimiana: wa mvua, wa mito, wa udongo na wa zahanati, ili kila mmoja aweze kutumia vya mwenzake. Wa udongo wameniletea ramani waliyoipiga picha mezani, kikombe cha chai kikionekana pembeni. Wa mito wameleta jedwali safi, lakini kila daraja wamelipa jina lao wenyewe. Kutwa nabadilisha majina ya madaraja. Nimechoka, dada, na ndiyo kwanza nimeanza.

Sasa la kwetu. Nyumba ya mama iko palepale mtoni, na mimi nasema ahame. Wewe umemwambia mvua za milimani hazijazidi, asihangaike. Jana kanijibu kwenye simu: "Nyinyi wawili ndio mliosomea maji. Mkikubaliana, nitahama. Mpaka hapo niacheni na kuku wangu." Nitumie basi vipimo vyako vya mvua vya kila siku nivilinganishe na mto. Nataka kujua mvua ikinyesha huko juu, mama ana muda gani kabla maji hayajamfikia.

Mdogo wako

27 Januari

Profesa wa mafaili,

Marahaba, salamu zimefika. Goti bado linanitesa, watoto wanakula kupita kiasi. Pole na macho.

Vya kila siku sitoi, na si roho mbaya. Mara ya mwisho tuliwapa wageni fulani, wakachora ramani nzuri sana, chini wakaandika "chanzo: mbalimbali". Mbalimbali ni mimi, na wasomaji wangu wanaopanda mlima kwa mwavuli uliovunjika kwenda kusoma kipima mvua. Bosi aliapa haitatokea tena. Nakutumia wastani wa kila mwezi, ndio tunaoruhusiwa kutoa. Utaona mwenyewe mvua haijazidi. Mwache mama apumzike.

Dada yako

2 Februari

Dada,

Shikamoo. Wastani haumfikii mtu mlangoni. Kinachomfikia mama ni mvua ya siku moja. Mwombe bosi, tafadhali. Majina ya wasomaji wako nitayaweka juu kabisa, kabla ya langu na kabla ya la ofisi. Nakuomba kama nilivyokuwa nikikuomba unisindikize chooni gizani.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Kimya changu kilikuwa cha kumwandikia bosi tena na tena, na vikao ambavyo sitaki hata kuvikumbuka. Amesaini. Vipimo vyote hivi hapa, siku kwa siku. Usinitie aibu.

Dada yako

24 Machi

Dada,

Natumaini mnaendelea vizuri. Aliyetiwa aibu ni mimi.

Niliunganisha mvua yako na mto, nikaonyesha mkutanoni. Mto unajaa kabla mvua haijanyesha! Karibu kila mara. Injinia wa maji akauliza kama mto wetu huwa unasikiliza utabiri wa hali ya hewa, ukumbi mzima ukacheka. Nilitoka na hasira zangu nikampigia mama, nikamwambia vipimo vya ofisi yako vimeoza. Akasema, "Basi hamjakubaliana," akakata simu. Jirani yake ananiambia mama alikuwa ameshaanza kufunga vyombo, na sasa amevifungua.

Mdogo wako

30 Aprili

Kwako,

Sisi wazima. Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi. Ungeniuliza mimi kabla ya kumpigia mama. Niliumia sana.

Sasa sikiliza. Msomaji wetu anakwenda kwenye kipima saa tatu asubuhi, anapima, anamwaga, anaandika tarehe ya asubuhi hiyo. Maji anayoyakuta mengi ni ya jana, ya jioni na usiku. Hilo ofisini kwetu hata mfagizi analijua, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuliandika popote. Watu wa mto wao wanaandika tarehe ileile maji yalipopanda. Kwa hiyo mvua ya Jumatatu jioni kwangu ni ya Jumanne, na mto uliojaa Jumatatu usiku kwao ni wa Jumatatu. Rudisha mvua yangu nyuma siku moja, halafu uniambie ni nini kimeoza.

Dada yako, ukitaka

3 Mei

Dada yangu, dada yangu,

Shikamoo mara mbili. Nimerudisha, na kila kitu kimekaa mahali pake. Nisamehe. Nimemwonyesha injinia, safari hii hakucheka.

Habari yenyewe si nzuri. Wastani wako ulisema kweli, mvua haijazidi, ila sasa inanyesha siku chache na kwa mkupuo. Ikianza milimani jioni, usiku uleule maji yako kwa mama, naye amelala, na kwa miguu yake ile hawezi kukimbia. Kwenye mchoro wa mto, mstari mwekundu wa hatari nimeuchora usawa wa kizingiti chake.

Tumwandikie barua moja, saini mbili. Na hilo la saa tatu liandike wewe kwa maneno yako. Nitaliweka juu ya jedwali, kila anayefungua alikute kwanza.

Mdogo wako

16 Novemba

Mdogo wangu,

Hatujambo sote, mama naye, pamoja na kuku wake wanaonichafulia veranda tangu ahamie kwangu Mei. Miezi yote hii ameninung'unikia: "Haya, mto wenu uko wapi?" Nilifika mahali naona haya kumtazama.

Juzi jioni msomaji wa kituo cha juu hakungoja saa tatu. Alipiga simu kipima kikiwa kimeshafurika. Nikawapigia watu wa mto, wakapita mtaani na kipaza sauti, watu wakapanda juu na magodoro kichwani. Asubuhi nilimpeleka mama akaone. Maji yalikuwa dirishani, mlango umekwenda. Hakulia. Aliketi kwenye ukuta wa jirani, akaniuliza kwenye hizo kompyuta zenu nyumba yake iko wapi. Nikamwambia haimo, mle mna mvua na mto tu, na namba ya mstari mwekundu uliouchora usawa wa kizingiti chake.

Tangu hapo hataki kula mpaka nikuandikie. Pale kwenye mstari wako mwekundu mmeweka namba peke yake. Anataka pawe na maneno, ili wa udongo, wa zahanati na huyo injinia wako wajue ile namba ni kitu gani. Amenitajia, nami nimeandika alivyosema: "Hapa palikuwa na kizingiti changu. Nilikifagia kila asubuhi."

Yaweke kama yalivyo, usiyarekebishe. Chakula kiko mezani, anangoja nimwambie umeyaweka.

Dada yako