Timu ya Taifa ya Usevya

Usevya, 9 Agosti 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku vumbi ni jingi na wali ni mtamu. Uliniagiza nimwangalie Neema, maana tangu tumzike dada, mama yake, amekuwa mtoto wa kuitikia "ndiyo" tu. Juzi nilimfuata shuleni. Mwalimu wao mgeni anawafundisha wasichana kriketi kwa gongo la mninga na vijiti vitatu. Anasema nchi nyingine wanawake wana timu za taifa miaka mingi, sisi bado. Basi hawa wamejiita Timu ya Taifa, na historia yake yote ni wiki mbili.

Shida ni kwamba wamekulia kwenye rede, ambako unamlenga mtu, na mpira ukimgusa ndipo anatoka. Mwenzake Tereza akaurusha mpira moja kwa moja kiunoni mwa Neema.

"Lenga vijiti, siyo mwenzio," mwalimu akasema.

"Sasa mwalimu, amesimama hapo mbele, nimwacheje?"

Mpira wa pili Neema akaukwepa, kwa madaha yale yale ya marehemu dada akicheza uani kwetu. Vijiti vikaanguka nyuma yake.

"Neema, umetoka."

"Nimetokaje? Haujanigusa."

"Ulitakiwa uupige."

"Mwalimu, waulize hata hawa. Haujanigusa."

Alibishana mpaka wenzake wakakaa chini. Nyumbani akaendelea na mimi na baba yake mpaka ugali ukapoa. Lala usingizi, Mama. Mtoto ni mzima.

Unikumbuke kwenye sala zako.

Mwanao,
Anastazia