Kifaranga cha Safari ya Yerusalemu

Jumapili, 24 Septemba 2000

Mume wangu anakwenda Yerusalemu. Naandika ili niamini mwenyewe. Deogratias, katekista kwa miaka ishirini na mbili, mtu ambaye mbali kabisa alikowahi kufika ni Tabora – Yerusalemu!

Padre Constantine ametangaza baada ya misa. Ni Mwaka wa Jubilei, jimbo limetoa nafasi moja kwa kila parokia kwenye msafara wa hija mwezi wa kumi na mbili. Halmashauri ilipiga kura, Deo akashinda. Vigelegele. Akasimama, akakohoa, akasema hastahili. Halafu njiani kurudi nyumbani akawa anasalimia watu wa pande zote mbili za barabara, hata asiowajua. Asiyestahili wangu!

Jumatano, 27 Septemba

Amenunua viatu vya mtumba, vigumu, akaenda navyo shambani. Eti avizoee kwa ajili ya Njia ya Msalaba. Amerudi na malengelenge, nimemkanda kwa maji ya chumvi. Nikamuuliza hicho ni kituo cha ngapi.

Picha za pasipoti nazo zimetoka. Nne. Katika zote anaonekana kama mtu aliyekamatwa na ng'ombe wa jirani. Fomu ya hija ameiweka ndani ya Biblia, atajaza akitulia.

Jumatatu, 2 Oktoba

Redio. Kule kumechafuka. Vijana wanarusha mawe, askari wanapiga risasi, watu wanakufa – na imeanzia Yerusalemu penyewe. Deo alikuwa na tonge la ugali mkononi. Likakaa pale pale. Kisha akasema ni mambo ya siku mbili tatu, yatapoa.

Nikakwangua sufuria.

Jumamosi, 7 Oktoba

Tumekwenda kwa Masele kuangalia habari. Masele alikuwa karani wa pamba wa chama cha ushirika. Siku hizi ananunulia kampuni binafsi, na juu ya bati lake kuna dishi kubwa kuliko jiko langu. Sebule ilijaa. Kwenye televisheni ni moshi, mawe, machela zinakimbizwa. Watu wanashika vichwa. Deo kasimama katikati anaonyesha kwa fimbo: ule ukuta pale nyuma ni wa tangu enzi za Herode, tazameni mawe ya chini yalivyochongwa! Masele akamwambia, Katekista, sisi tunaangalia mawe ya juu, yale yanayoruka.

Walicheka. Nami nilicheka. Lakini anaijua ile sehemu. Kila kona. Picha ikibadilika tu anasema hapa ni wapi, na nani alipita hapo, na alikuwa anakwenda kufanya nini. Nilimwonea fahari, basi, nisijifiche kwenye daftari langu mwenyewe.

Jumanne, 10 Oktoba

Mji mzima una ushauri. Mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha anasema asiende. Fundi cherehani anasema aende, akifia kule ni moja kwa moja mbinguni. Deo anajibu wote kwamba Mtume Paulo alipigwa mawe na bado alisafiri. Leo nikamkumbusha kuwa Mtume Paulo hakuwa na mke. Akasema ndiyo maana alifika mbali.

Hapo alinishinda. Nimecheka mpaka chai ikaingia puani.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mama mkwe amekuja kutoka Migato, na kikapu. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nikajua kabla hajakaa kuwa kikapuni kuna kitu hai. Kifaranga.

Amesikia habari za vita. Kwao mtu hasafiri safari kama hiyo kabla kuku hajaangaliwa. Msafiri anakitemea kifaranga mate mdomoni, kinapelekwa kwa mfumu, mganga wa ramli, kinapasuliwa, na mfumu anasoma njia ya huyo mwenye mate. Hata marehemu baba mkwe aliangaliwa kabla ya kwenda Geita kwenye dhahabu. Alirudi bila dhahabu, lakini alirudi.

Deo akasimama kama yuko mimbarini. Yeye ni katekista, hawezi. Mama mkwe hakubishana. Alikaa tu kwenye mkeka, kikapu mapajani, akasema ana siku nyingi na hana haraka.

Kumbe Deo ndiye hakuwa na subira. Saa kumi ananijia nyuma ya jiko, kifaranga kifuani ndani ya koti. Amemwambia mama yake anakwenda kutema faraghani.

"Mwalimu," akasema, "tema wewe."

"Safari ni ya nani?"

"Wewe hujakabidhiwa ukatekista. Na sisi ni mwili mmoja. Imeandikwa."

Nimeishi na huyu mwanaume miaka yote hiyo, sikujua kuwa Maandiko yanaweza kukunjwa namna hiyo! Nikatema. Kifaranga kikapiga chafya. Mama mkwe ameondoka na kikapu chake, ameridhika, ameacha na karanga.

Jumatano, 18 Oktoba

Mama mkwe amerudi leo, kwa miguu kutoka stendi, anaimba. Kuku ametoka mweupe! Mfumu kasema mwenye mate haya njia yake iko wazi. Atafika, atapokelewa vizuri, atarudi na mwili wake mzima. Akamshika Deo kichwa, akampaka unga mweupe wa mtama kwenye paji la uso, akamwita jina la babu yake.

Deo akatabasamu. Tabasamu likaganda. Macho akanitupia mimi.

Mama alipokwenda kuoga, nikacheka kimyakimya mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Anafuta unga usoni anauliza, na njia yake yeye je? Nikamwambia kwani wewe unaamini mambo haya, Katekista?

"Siamini," akasema. "Lakini hayakuwa mate yangu."

Jumapili, 22 Oktoba

Padre ametangaza kuwa msafara bado upo kama hali itaruhusu. Kila mhujaji aamue mwenyewe, asilazimishwe. Fomu anaondoka nazo Ijumaa asubuhi kwenda Shinyanga.

Nimefungua Biblia ya Deo kutafuta somo la jumuiya. Fomu imo. Karibu wiki nne! Ameandika "Deogra" halafu kalamu imesimama.

Sikuweza kucheka. Anaogopa. Ameogopa tangu lile tonge la ugali, na mimi nimekuwa nikimtania kila siku. Jioni akaanza kunizunguka. Akatengeneza mguu wa stuli ambao haukuvunjika. Mwisho akasema, "Ukiniambia nisiende, sitaenda."

Nikamwambia sisemi. Nafahamu anachotafuta – awaambie watu mke wangu kanikataza, uoga uwe wangu. Nimekasirika naye. Na nilitamani kumkumbatia. Nimeosha vyombo.

Jumatano, 25 Oktoba

Niandike upesi.

Padre amekuja nyumbani na pikipiki yake. Kabla hajanywa hata chai, Deo akasimama, akasema nafasi ampe Mwalimu. Mimi! Hakuniuliza, hakunikonyeza. Akatoa sababu kama shahidi mahakamani: mke wangu anafundisha jiografia. Anasoma Kiingereza. Na waliofika kaburini kwanza ni wanawake, mitume walikuwa wamejifungia. Mambo ya kifaranga hakuyagusa, lakini nilimwona anameza mate.

Padre akanigeukia. Halmashauri haitapinga, akasema, ila nitake mwenyewe. Unataka, Felisita?

Niliona ule moshi wa kwa Masele. Niliona machela. Nikawa natafuta namna ya kukataa ambayo haitamwaibisha Deo, na nikasikia sauti yangu inasema nataka.

Na ni kweli! Miaka ishirini na mbili nimekaa benchi la nyuma nikimsikia akiwafundisha wakatekumeni mji ule, huku nawapikia uji. Getsemane naijua kwa masikio. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ningependa kuiona. Nami sikuwahi kujiuliza, ningejiuliza ya nini? Padre kaniachia fomu mpya.

Alhamisi, 26 Oktoba

Shuleni sikufundisha kitu. Niliwapa la sita hesabu, nikasahihisha majibu ambayo bado hawajaandika.

Deo amenichorea ramani kwenye karatasi ya manila. Amekaa karibu, ananifundisha kama mkatekumeni. Ukitoka lango hili pinda kushoto. Hapa usikimbilie, simama. Hapa utasikia watu wanapiga kelele za biashara, usikasirike, hata siku ile walikuwepo. Mizeituni ya Getsemane, shika gome kwa niaba yangu, si jani, jani ni la juzi tu.

Sauti yake ni ya mtu aliyekwenda na kurudi. Nikamuuliza kwa nini usiende mwenyewe, Deo. Sikuwa natania.

"Nikifika nikakuta sivyo nilivyowafundisha?" akasema. Kisha, taratibu: "Na risasi, Mwalimu. Naogopa risasi."

Basi. Kasema. Nikamwambia hata mimi.

Ijumaa, 27 Oktoba

Asubuhi. Nimejaza fomu yote kwa wino wa bluu, mwandiko wangu wa ubaoni. Jina, kuzaliwa, parokia. Mstari wa mwisho unauliza mtu wa kupewa taarifa endapo msafiri atapatwa na jambo. Nikaandika Deogratias.

Deo alikuwa anasoma begani kwangu, anasifu mwandiko. Alipofika mstari ule akainama zaidi. Akausoma tena, midomo inatembea. Akavuta kiti, akakaa, akaweka kiganja juu ya fomu.

Sijakiondoa. Naandika pembeni yake hapa na haulizi ninaandika nini. Nimemwambia kuwa Padre atapita saa mbili. Anasema anajua. Nimemwambia wino utachafuka. Anasema umeshakauka.

Pikipiki ya Padre inakata kona kwa Masele. Kiganja bado kipo, kizito, na mimi sitaki akitoe na sitaki akiache.