Mistari Kumi ya Maisha Yangu

Jumanne, 5 Juni 1956

Padri ametuita misioni, sisi watatu tunaoandikia gazeti lake. Hadithi zetu zitatoka kwenye kitabu kimoja. Lakini kwanza anataka kutoa gazetini maisha ya kila mwandishi, mistari kumi na picha — eti wasomaji wanapenda kujua mtu katoka wapi.

Waandishi! Révérien ni karani wa bandari Kalundu, anaandika hadithi ya sungura, ile ile, anabadilisha jina la mto tu. Alimasi, wa maduka ya Rugenge, anatunga mashairi marefu mpaka Asha, mke wake mwenyewe, anasinzia. Na mimi Rénovat, monitere, mwalimu wa darasa la nne. Mwandishi wa kweli ni mmoja kati yetu. Simtaji, kwa unyenyekevu.

Alhamisi, 7 Juni

Wamenisomea maisha yao. Nimecheka mpaka nimekohoa. Alimasi, ambaye babu yake alijenga nyumba tatu za matofali, anasema alizaliwa maskini, akajifunza herufi mchangani kwa kidole. Kidole gani? Kile cha pete? Révérien naye kawa mtoto wa chifu. Baba yake namjua, anabeba magunia pale pale Kalundu, jana tu kanisalimu. Mmoja anashuka, mwingine anapanda, na haya hawana.

Miye nimeandika ukweli. Mtoto wa Luberizi, mama mkulima wa mpunga, shule ya mapadri. Baba tu nimemtengeneza kidogo: "alifariki ningali mdogo." Sasa ningeandika nini? Kwamba alipanda mashua na mwanamke muuza mawese, wakahamia Kigoma? Hilo ni gazeti la mapadri. Na yatima anapendeza.

Jumapili, 8 Julai

Gazeti limetoka na maisha yetu. Picha tatu, koti moja! Mpiga picha analo hilo tu, tulilivaa kwa zamu. Alimasi mikono imemmeza vidole. Révérien kashindwa kufunga vifungo. Mimi limenikaa.

Jumatano, 11 Julai

Dada yangu Félicité kashuka kwenye kamio, lori la mchele, kichwa kimenyolewa. Nikamuuliza nani kafa. Kaniangalia kama mjinga.

"Baba. Si weye njo uliandika?"

Katekista wa Luberizi alisoma gazeti mbele ya watu baada ya sala. Mama akaanguka chini akilia. Jirani wakaja kwenye kilio, na hadi leo wanalala uani kwetu, wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi ya watu, na kumsifu marehemu. Aliyeuliza kama habari ni ya hakika, mama alimjibu kwamba mwanawe ni mwandishi, hawezi kuandika kifo asichokijua.

Watu gani hawa! Nusu yao hawajui kusoma, na ndio peke yao walioamini kila neno. Nikisema nilidanganya, Padri ananitoa kitabuni, na darasani pia. Mwaka jana alimfukuza monitere mzima kwa kusingizia homa. Na Alimasi atacheka mpaka Noeli. Naogopa, basi.

Jumamosi, 14 Julai. Luberizi

Mama iko kwenye mkeka, kichwa hakina unywele. Nimemwita ndani, nikafunga mlango.

"Mama, unisamehe. Baba iko hai. Niliandika vile kwa uzuri wa maneno."

"Najua iko hai," anasema. "Iko Kigoma na watoto wane. Wavuvi banatuletea habari yake kila mwaka."

Nikakaa chini.

Kumbe ni hivi. Manirakiza, yule mwenye shamba linalopakana na letu, aliyefiwa na mke, anamtaka. Na mama anamtaka. Walimwendea Padri, akakataa: mume wa kanisani akiwa hai, hakuna ndoa nyingine. Kwa hiyo mama amelima peke yake tangu mimi nikiwa na meno ya utoto. "Sasa gazeti la Padri mwenyewe linasema amekufa," anasema. "Atalibishia?"

Na yale machozi yote! Nami nilidhani nyumbani kwetu mwandishi ni mimi.

Jumapili, 15 Julai

Barazani kwa katekista. Padri amekuja kusomesha misa, sasa yuko ndani anakula. Tunamngoja. Manirakiza kasimama juani, kofia mkononi, kanyoa ndevu. Mzee mzima, anatetemeka kama bwana arusi.

Padri kampa mama pole. Ataandika kwamba ni mjane, lakini kwanza anataka asikie kwangu, mkono juu ya msalaba: baba alikufa wapi, nani alimzika. Nikisema kweli, kitabu basi, kazi basi, na mama anarudi shambani peke yake. Nikiapa uongo, naapa mbele ya Mungu. Alimasi na Révérien, pamoja na upuuzi wao wote, hawakuua mtu.

Mama ananivuta shati. Anauliza kama nimeshapata kaburi.

Nimemwambia alizama ziwani, karibu na mji wa Baraka. Mwili haukuonekana.

Kafikiri. Anasema haifai. Yule alikuwa anavuka mto Ruzizi kwa kuogelea, Luberizi nzima wanajua. Nitafute ingine, haraka.

Viti vinasogezwa ndani. Nimesema homa. Mama anauliza: homa ya wapi, na nani alikuwa anamuuguza?