Macho Yasiyotulia

Baba,

Shikamoo, ingawa leo naiandika kwa shida. Mvua imekatika, na mdogo wangu anakula vizuri. Tumerudia kile kipimo cha macho.

"Mara ya kwanza aliambiwa akodolee macho nukta kwenye skrini?" mpimaji aliuliza. "Na macho yanayochezacheza hivi? Mashine ingepata nini?"

Safari hii wamemmulikia mwanga unaojaza jicho zima, hata likicheza. Retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, inafanya kazi. Wewe uliposoma kwenye majibu ya kwanza kwamba imekufa, ulimtoa shule siku ileile, ukagawa madaftari yake.

Jumatatu namrudisha. Ameniuliza, "Dada, kwani Baba hakuwaambia wapimaji wa kwanza kwamba macho yangu hayatulii?" Mjibu mwenyewe. Andika kwa herufi kubwa, atasoma.

Binti yako mkubwa