Msichana Analia Kwanza

Jumatatu, 11 Novemba. Kitale.

Nimetuma habari ya bei ya mahindi kabla ya saa sita. Mhariri amekata aya mbili, zile zilizokuwa na habari. Kawaida.

Shule ya chekechea ya Bungoma imepiga simu. Mjukuu wangu Nanjala anapewa nafasi ya pili ya kuhojiwa, Ijumaa. Mara ya kwanza mwalimu alimuuliza jina, akafunika uso kwa mikono, akakaa hivyo mpaka tukamtoa. Ana miaka minne. Kwangu huongea kutwa. Akishindwa tena atabaki nami mwaka mwingine, na mama yake, binti yangu Nasimiyu, anayefanya kazi Bungoma, ataendelea kumwona wikendi tu.

Nimemuuliza kwa nini alijifunika.

"Kukhu, msichana analia kwanza. Halafu kijana anakuja."

Kukhu ni nyanya, yaani mimi. Amenijibu kama anayemweleza mtu mgumu wa kuelewa. Najua alikoyatoa. Mimi ndiye niliyekuwa namwashia katuni ili nipate kuandika.

Jumanne, 12 Novemba.

Nimekaa naye na daftari. Katuni zote za kwenye flashi. Binti mfalme amefungiwa ghorofani, analia. Sungura jike amepotea, analia. Daktari mwanamke yupo mmoja. Kazi yake ni kushika taa. Nimezima saa saba. Hasira. Nimewahi kuandika juu ya wezi wa ng'ombe bila kukasirika hivi.

Nikaenda kwa Mama Wairimu, anayejazia watu filamu kwenye flashi karibu na soko. Nikataka katuni za wasichana jasiri, za watoto wadogo.

"Za wasichana ziko mob, ni nyingi, mama. Hii ni ya princess. Hii ni ya princess na farasi."

"Nataka asiyeokolewa na mtu."

"Ai! Mwandishi, si ni katuni tu? Hata sungura unamfanyia uchunguzi?"

Wateja wakacheka. Nikangoja wamalize. Mwishowe akapata moja: msichana anaendesha trakta, halafu anaokoa ndama mtoni. Nikaichukua.

Jumatano, 13 Novemba.

Upuuzi mtupu.

Picha hazina kasoro. Msichana anaingia majini hadi kifuani, anafunga kamba, anamvuta ndama hadi ukingoni. Lakini juu ya maneno ya asili wamebandika sauti ya mtangazaji wa vibanda vya video, anayetafsiri anavyotaka. "Cheki mrembo ameshtuka! Anaita brathe yake, ati njoo unisaidie bana!"

Hakuna kaka yeyote. Nimerudisha nyuma mara tatu kuhakikisha. Nanjala haelewi lugha ya asili, kwa hiyo anamwamini mtangazaji kuliko macho yake. Akaniuliza kaka yuko wapi. Nikamwambia hayupo.

"Amejificha," akasema.

Nimerudi dukani. Mama Wairimu hana nakala nyingine. Anasema bila yule mtangazaji haziuziki. Ni biashara, siwezi kumlaumu. Nimemlaumu hata hivyo.

Jambo moja zaidi. Sehemu moja ya moyo wangu ingefurahi Nanjala akishindwa Ijumaa. Ni aibu, na ni kweli.

Alhamisi, 14 Novemba.

Nimeondoa sauti. Nikasimulia mwenyewe, kama ripoti: nani, wapi, amefanya nini. Msichana ameona ndama. Maji ni mengi. Anaogopa. Ameingia.

"Anaogopa na anaingia?"

Nikamwambia ndivyo picha inavyoonyesha. Akataka tena. Na tena. Mara ya nne akanikatiza.

"Kukhu nyamaza, mimi ndio nasema."

Akasimulia yeye, akakosea mpangilio, akaongeza mamba. Hakuna mamba kwenye ile picha. Sikusahihisha. Kujizuia kulinigharimu.

Ijumaa, 15 Novemba. Bungoma.

Mwalimu yule yule. "Unaitwa nani, mrembo?"

Mikono ikaanza kupanda usoni. Nasimiyu akafungua mdomo amjibie, nikamshika mkono. Tukangoja. Machozi yalikuwa yameshajaa.

"Naogopa," Nanjala akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa.

Kisha akataja jina lake, jina la mama yake, na kuongeza kwamba yeye si mrembo, ni Nanjala. Mwalimu akacheka. Nanjala hakucheka.

Amepokelewa. Nasimiyu ameamua abaki naye kuanzia leo, azoee mji kabla ya shule kufunguliwa Januari. Hakuna hoja ya kumpinga. Nimeitafuta.

Jumapili, 17 Novemba. Kitale.

Nimekunja nguo zake za kupeleka Bungoma. Mfuko mmoja umetosha.

Nyumba imetulia. Sipendi. Habari ya mpakani Lwakhakha nimeiandika kwa saa moja bila kukatizwa, na ni mbovu.

Saa kumi nimempigia Nasimiyu. Nanjala amechukua simu. Anavusha watoto wa jirani mtaro, mmoja mmoja, na kuna mmoja analia.

"Kukhu, niko na kazi. Piga kesho."

Nikasema sawa.