Hukumu Niliyoisoma Redioni

Matisi, Kitale

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, nikitumaini kwamba wewe na Mama mnaendelea vyema huko Chwele na kwamba baridi hii haijalichokoza goti lako. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Unaujua mchezo wetu wa redio, ule ninamoigiza hakimu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukijisifu sokoni ati binti yako ni hakimu, na watu wakaamini. Hata hapa Matisi mama mboga huniita Mheshimiwa na kuniomba niamue kesi yake na mwenye nyumba. Nilikuwa nikicheka tu.

Mwezi uliopita nilipewa kesi ya mjane mwenye mabinti wawili. Nikasoma kama nilivyoandikiwa: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hana shamba, arudi kwao. Nikagonga meza. Lakini nilipokuwa nikisoma, pale palipotajwa kisima alichochimba marehemu kando ya migomba, nilikumbuka kisima kama hicho huko kwetu Chwele. Nikajiambia visima ni vingi.

Baadaye Mama Mdogo Fridah, mjane wa marehemu ndugu yako Khaemba, akaja kwangu. Chai niliyompa hakuigusa. Alinieleza kwamba wazee walimwita wakamwambia asibishane, hata hakimu wa redio ameshasema, na kwamba ng'ombe wa watu tayari wamefunguliwa kwenye mahindi yake. Kisha akanikazia macho. "Agneta, si uniambie ukweli. Walikupa nini?"

Niliapa sikupewa kitu. Hakuniamini, na sikumlaumu.

Nikamwendea Kipkosgei, anayetutungia mchezo. Alisema kisa hicho kilitumwa na msikilizaji kwa simu, akaniwekea ujumbe wa sauti nisikie. "Huyo hakimu aseme wazi, bana. Shamba irudi kwa ndugu ya marehemu." Halafu msemaji akakohoa.

Baba, kikohozi hicho nimekisikia nyumbani tangu utotoni. Ilikuwa sauti yako. Ulitaka shamba la ndugu yako, ukautumia mdomo wangu kulichukua.

Sikumwambia Kipkosgei kwamba huyo ni baba yangu. Nilimwambia tu kwamba mchezo nimeuacha.

Jumatatu nilimsindikiza Mama Mdogo mahakamani Bungoma. Hakuna aliyefoka wala kugonga meza. Karani, dada mmoja mpole, alitueleza kwamba sheria haiulizi kama mtoto ni wa kiume au wa kike, na kwamba mjane hafukuzwi kwake. Tumefungua kesi ya urithi. Utaletewa samansi ya kukuita mahakamani. Siku hiyo nitaketi upande wake, na nikiulizwa nitasema nilichosikia.

Ukiugua nitakuja kukuuguza, maana wewe bado ni baba yangu. Lakini usinitumie mtu wa kunibembeleza.

Wasalimie majirani na wote wa kanisani. Mama msalimie sana. Nataka kumpigia nimuulize kama alikuwa ameketi kando yako ulipotuma ule ujumbe. Kila nikishika simu, naiweka chini.

Ni mimi binti yako,
Agneta